Gari la Viti Viwili la Mama Mashine

Kabula Mayige alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga karibu na soko la Bariadi, na kwa sababu hiyo watu wengi wa mjini hawakulijua jina lake. Walimwita Mama Mashine. Wakulima walioleta mpunga walimwita hivyo, watoto waliokuja kuzoa pumba walimwita hivyo, hata padre akisoma majina ya waliochangia paa la kanisa husema Mama Mashine, kisha anajisahihisha. Yeye alikuwa amezoea. Miaka ya karibuni alikuwa amezoea mambo mengi, na kule kuzoea kwenyewe kulimchosha.

Alikuwa mzaliwa wa kwanza wa mzee Mayige wa Zagayu. Baba alifariki Kabula akiwa darasa la saba, akamwachia mama, Milembe, na wadogo sita. Tangu hapo hakupumzika. Alichuma pamba za watu kwa kibarua, akauza maandazi, akaolewa. Mume akaenda Geita kutafuta dhahabu, akapata mke mwingine hukohuko, na Kabula akarudi kwenye maandazi bila kupiga kelele. Mashine ya kwanza aliinunua kuukuu, ya dizeli, iliyowashwa kwa hendeli mpaka bega likawa zito kama si lake. Kwa mashine hiyo aliwasomesha wadogo zake, kisha watoto wa wadogo zake. Wengine aliwaoza, wengine akawazika.

Simu yake haikuleta habari njema hata mara moja. Ikilia, kuna mtu anaumwa, au mtoto karudishwa nyumbani kwa ada, au ng'ombe wa fulani wameingia shamba la fulani na mzee wa kijiji anataka faini. Walianza wote kwa maneno yaleyale: "Dada, samahani kukusumbua." Kisha wanamsumbua.

Mwaka juzi, mvua zilipoanza, kulikuwa na msiba wa upande wa baba pale Malampaka. Kabula alienda. Kabla hajakaa na wafiwa aliitwa pembeni: jeneza bado, mchele hautoshi, kuna wazee wametoka mbali hawana nauli ya kurudi. Akatoa. Baada ya mazishi wakamwita pembeni tena. Safari hii hakusikia hata walichokuwa wanasema. Aliona midomo inacheza tu. Akaitikia "sawa", akajifunga kitenge vizuri, akatoka pale uwanjani kama mtu anayekwenda chooni, akashika njia ya reli.

Hakuwa na anakokwenda. Alitembea kando ya reli, akaipita stesheni, akakata kushoto kwenye majengo ya kiwanda cha kuchambua pamba kilichokufa zamani. Mvua ikamkuta hapo. Akakimbilia banda la bati lililokuwa karibu. Ndani mlikuwa na kuku, jembe la kukokotwa na ng'ombe, na kitu kirefu kilichofunikwa kwa turubai. Mzee mmoja mwembamba alikuwa amekalia ndoo iliyofudikizwa.

"Mwadila, baba," Kabula alisalimia.

"Mwadila, mayu. Ingia, mama, ingia, mvua hii haina utani."

Hapakuwa na kiti kingine. Mzee alitazama huku na huku, akaona aibu kumwacha mgeni amesimama, naye mwenyewe magoti hayakumruhusu kuitoa ile ndoo. Mwishowe akavuta turubai upande mmoja, akamfukuza tetea aliyekuwa amelala juu ya boneti, akafungua mlango wa gari.

"Kaa humu. Ndicho kiti kizuri kuliko vyote nilivyo navyo."

Ilikuwa Datsun ya zamani ya milango miwili, boneti ndefu, mgongo mfupi, ya chini kiasi kwamba Kabula alilazimika kuingiza makalio kwanza ndipo avute miguu. Rangi yake ya chungwa ilikuwa imefifia, ikawa kama mchanga wa mtoni. Usukani ulikuwa wa mbao. Viti vilikuwa viwili tu. Nyuma yake hapakuwa na kitu ila mahali pa kuwekea begi.

Mzee akafunga mlango. Ulifungwa kwa mlio mzito, laini, na kelele zote zikabaki nje. Mvua juu ya bati ikawa mvua ya mbali. Kabula akagundua kwamba pochi yake ameiacha msibani, na simu imo ndani ya pochi. Hakufanya haraka kuifuata. Alitazama mbele kupitia kioo chenye vumbi, asiwaze kitu chochote. Mara akasikia mtu anagonga. Mvua ilikuwa imekatika, jua limeinama, na shingo ilimuuma kwa kulala vibaya.

"Ulilala, mayu," mzee alisema. "Nikaona nisikuamshe. Ila kuna watu barabarani wanamtafuta mama wa Bariadi."

Kabula hakutoka. "Gari hili la nani?"

"Hilo swali nimejiuliza mwenyewe miaka mingi."

Jina lake lilikuwa Athanasi, na zamani alikuwa dereva wa kiwanda. Tajiri mwenye kiwanda alilileta gari lile kutoka Nairobi, kwa sababu ujanani alipenda mbio za magari. Siku alipofunga kiwanda na kuhama nchi alimwambia, Athanasi, nitunzie, nitarudi. Athanasi akalipandisha juu ya mawe ili tairi zisioze. Akaliwasha kila Jumamosi, baadaye kila mwezi, baadaye betri ikafa. Mwaka uliotangulia alikuja mtoto wa yule tajiri, mtu mzima mwenye mvi, akamwambia baba amefariki na gari ni lako, mzee, akamkabidhi na kadi yake.

"Nilidhani nitafurahi," Athanasi alisema. "Ujana wangu wote nimefukuza kuku juu ya mali ya mtu. Halafu naambiwa ni yangu, na mgongo umeshakwisha."

"Liuze."

"Nani anunue? Vijana wanakuja, wanalizunguka, wanapiga picha. Halafu wanauliza linabeba watu wangapi. Nikisema wawili, wanaondoka."

Kabula akageuka akatazama ile nafasi ya nyuma isiyotosha hata mtoto. Akauliza, kana kwamba alitaka tu kulisikia jibu likitamkwa: "Linabeba watu wangapi?"

"Wawili, mayu. Dereva na mwingine mmoja."

"Basi mimi nitalinunua."

Athanasi hakutaka fedha. Alisema fedha ikiingia kwake, wanawe wako mlangoni wanaisubiri. Alitaka ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe angalau anaonekana anapoondoka. Wakapatana majike wanne na mtamba mmoja.

Hapo ndipo shida yenyewe ilipozaliwa. Ng'ombe Kabula alikuwa nao. Kila mwaka mashine ilipokwenda vizuri alinunua ndama, akampeleka Zagayu kwa mdogo wake Mboje, aliyebaki nyumbani na mama yao. Maziwa yalikuwa ya Mboje, samadi ya Mboje, na shida za kuwatibu za Mboje. Ng'ombe wenyewe walikuwa wa Kabula. Wote wawili walilijua hilo, lakini miaka ilivyopita Kabula alilijua zaidi na Mboje alilijua kidogo kidogo. Tena Bujiku, kijana wa Mboje, alikuwa amepata mchumba, na Mboje alikuwa ameshawapanga wale majike wanne kichwani mwake kwenye mahari.

Kabula alipofika na lori la kuwachukua, Mboje alisimama kwenye mlango wa zizi. Hakumzuia. Alisema tu, "Ungeniambia, dada, ni kwa ajili ya ugonjwa, ningewafunga kamba mwenyewe. Ungesema ni shule. Lakini gari? Gari bovu?"

"Ni ng'ombe wangu, Mboje."

"Sijasema si wako."

Akapisha. Mama yao Milembe alikuwa ameketi kivulini anapura choroko, na hakuinua kichwa. Lori liliondoka na ng'ombe wakilia, na tangu siku hiyo Mboje hakumpigia tena dada yake simu. Kabula alishangaa kuona kwamba kimya hicho kilimuuma kuliko zile simu zenyewe.

Datsun ililetwa Bariadi juu ya Fuso, katikati ya magunia ya dengu. Ilipoteremshwa mbele ya mashine, soko zima lilihamia pale. Wapo waliosema Mama Mashine amepata bwana. Wengine walisema amechanganyikiwa, kazi nyingi hufanya hivyo. Muuza nyanya mmoja alilizunguka mara mbili, akachungulia, akauliza gunia litakaa wapi. Kabula akamwambia gunia halitakaa. Yule mama akacheka mpaka akashika kiuno, akidhani ni mzaha.

Fundi aliitwa Mahona, mwenye gereji kwenye barabara ya kwenda Lamadi. Alikuwa fundi mzuri wa Fuso na pikipiki za matairi matatu, na alikuwa mkweli siku ya kwanza. "Mama, hili sijawahi kulifungua. Nitajifunzia humuhumu." Kisha akaingia kwenye kazi, na ukweli ukapungua. Kesho, mama. Kesho kutwa, mama. Kipuri kimefika Mwanza lakini si chenyewe. Chenyewe kiko Nairobi, kuna jamaa anakifuatilia. Rejeta ilizibwa, ikavuja kwingine. Bati la chini ya mlango lilikuwa limeliwa na kutu kiasi kwamba Mahona alipoligonga kwa nyundo, nyundo ilizama. Kabureta zilisafishwa, zikafungwa, zikafunguliwa tena. Kadi ilikuwa na jina la kampuni isiyokuwepo, na kuibadilisha kukamtoa Kabula kazini asubuhi nyingi, akikaa kwenye benchi na watu waliokata tamaa kama yeye.

Alikuwa amelinunua ili apumzike. Sasa alikuwa na mgonjwa mwingine wa kumhudumia. Jioni, akishafunga mashine, nywele zimejaa vumbi la pumba, alipitia gereji na kulikuta limefunguliwa boneti, waya zinaning'inia. Alijiambia ataliacha, wacha liozee kwa Mahona kama lilivyokuwa linaozea Malampaka. Lakini miguu ilimpeleka tena kesho yake.

Katika kipindi hicho ndugu walikuja. Walikuja kwa adabu, siku ya Jumapili baada ya misa: baba mdogo mmoja, wadogo wawili wa kike wa Kabula, na shangazi kutoka Maswa. Mboje hakuja. Walikula wali na kuku, wakanywa soda, ndipo baba mdogo akakohoa.

"Kabula, mama yetu. Hatujaja kugombana."

"Karibuni, baba."

"Ukoo huu wewe ndiye nguzo, hilo hakuna asiyelijua. Sasa tumekaa tukasema, kama Mungu amekujalia umepata nguvu ya gari, si ungechukua Noah? Hata Hiace. Likawa la ukoo. Mgonjwa akipatikana, twende. Msiba ukitokea, twende. Hili ulilolichukua tunaambiwa lina viti viwili. Ukoo mzima utakaa wapi?"

Kabula alikuwa ameandaa majibu mengi, marefu. Alitaka kutaja ada, majeneza, mabati, na lile bega lake. Lakini alipofungua mdomo aliona hana nguvu ya kuyapanga. Akajibu, "Ndiyo maana nikalichukua."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Shangazi ndiye aliyeelewa kwanza, akaweka chupa ya soda chini taratibu. Baba mdogo akasema haya, muda umekwenda, barabara ni mbaya. Wakaondoka bila kuomba nauli, na hilo lilikuwa jambo geni kabisa.

Gari liliwaka mwezi wa kuvuna pamba. Mahona alimwita kwa simu, na kabla hajasema neno Kabula alisikia mlio wenyewe nyuma ya sauti yake, mzito, unaopanda na kushuka. Alikwenda kwa miguu na mavazi ya kazi. Mahona alikuwa amelipiga rangi upya, si ile yenyewe hasa, ilikuwa nyekundu mno, lakini Kabula hakutaka kusema chochote kitakachoongeza siku.

Mahona alimfundisha usukani jioni kadhaa, na Jumapili iliyofuata alilipeleka Lamadi, barabara ya lami, akafika mpaka Kalemela, akaona ziwa, akala sato aliyekaangwa akiwa amekaa peke yake, akarudi. Hiyo ndiyo safari yote. Mtu akimuuliza ilikuwaje, angesema ilikuwa na joto, na mguu wa kulia uliungua kwa moto wa injini, na kila tuta lilikwaruza tumbo la gari mpaka yeye mwenyewe akajihisi anakwaruzwa. Lakini kulikuwa na kipande kati ya Nyashimo na Lamadi, barabara imenyooka, hakuna mtu, aliposikia gari limetulia kwenye mwendo wake, na mikono yake juu ya usukani haikuwa inafanya kazi ya mtu yeyote. Kipande hicho hakikuwa kirefu.

Baadaye, mvua ziliporudi, Salu, mke wa Mboje, alimpigia kwa siri. "Dada, mama anakuita. Haumwi. Anasema anataka kuliona hilo gari lililokula ng'ombe."

"Mboje anajua?"

"Mboje yuko shambani."

Kabula alijua barabara ya Zagayu si ya gari lile. Alijua pia mama yake hajawahi kumwita kwa jambo lisilo ugonjwa. Akafunga mashine mapema, akaondoka.

Lami ilipoisha alikwenda mwendo wa konokono. Changarawe alizimudu. Lakini kilomita chache kabla ya nyumbani kuna mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, na usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha. Aliona maji yanang'aa kwenye nyayo za ng'ombe. Akafikiri kugeuza, akakosa mahali pa kugeuzia. Gurudumu la nyuma likazunguka mara mbili, tatu, na Datsun ikakaa chini kwa tumbo lake lote, taratibu, kama ng'ombe anayelala.

Alizima injini, akatoka, viatu vikabaki kwenye tope. Ilikuwa mchana mweupe. Hapakuwa na mtu ila korongo wawili weupe mbugani. Simu ilikuwa mkononi. Alitazama majina yote mle ndani, na kila jina alilolipitia lilikuwa jina la mtu aliyewahi kumwomba. Hakukumbuka hata mara moja ambapo yeye ndiye aliyepiga kwanza. Alisimama pale muda mrefu, kidole juu ya kioo cha simu, akiona aibu ambayo hakuielewa.

Mwishowe akampigia Mboje.

"Nimekwama mbugani," alisema. "Njoo unitoe."

Upande wa pili Mboje akawasimamisha maksai wake. Kisha, "Na gari?"

"Na gari."

Mboje alikuja na maksai wanne, nira mbili, na mnyororo wa plau. Hakusalimia. Alivua viatu, akainama akatazama chini ya gari, akasonya. Kabula alishika usukani, Mboje akashika fimbo, akawaita maksai kwa majina yao kwa Kisukuma, na gari la mbio lililotoka Nairobi likaanza kutembea nyuma ya mikia ya ng'ombe, tope likimwagika juu ya ile rangi nyekundu. Watoto wa shule waliokuwa wanarudi walishangilia. Mboje hakucheka. Kabula ndiye aliyecheka kwanza, mle ndani peke yake, kicheko kilichochoka kisicho na sauti, mpaka machozi yakamtoka, na baada ya hapo hakujua tena kama bado anacheka.

Walipofika ardhi ngumu Mboje alikuja dirishani. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Bujiku ameahirisha," alisema. "Wakwe wamekubali kusubiri mpaka pamba ya mwaka kesho."

"Nimesikia."

"Sikulaumu, dada." Akafuta uso kwa mkono wenye tope, akajipaka zaidi. "Nakulaumu kidogo."

"Sawa."

"Ungesema umechoka. Mimi nilijua wewe huchoki."

Kwa kweli Kabula hakuwahi kusema. Alikuwa akiitikia "sawa" miaka yote, na "sawa" ndiyo waliyoisikia.

Mama yao Milembe alikuwa amesimama uani na fimbo yake, amevaa nguo ya kanisani. Alilizunguka gari lote, akiligusa kwa kiganja mahali ambapo hapakuwa na tope, kama mtu anavyogusa ng'ombe anayetaka kumnunua. Akauliza linakula nini. Petroli. Linakunywa nini. Maji, tena mengi. Akauliza kwa nini ni fupi. Kisha akasema, "Nifungulie."

Ilikuwa kazi kumwingiza. Salu alishika mkono, Kabula akashika kiuno, Mboje akabaki na maksai wake mbali kidogo, akitazama. Mama alipokwisha kukaa alishusha pumzi, akaweka fimbo katikati ya magoti. Kabula akazunguka akakaa upande wa pili. Wajukuu walijaa kwenye vioo, wanasukumana.

"Waambie watoke," mama alisema.

Kabula akapandisha vioo. Wakabaki wawili.

"Nilizaa saba waliokua," Milembe alisema, akitazama mbele kama mtu aliye safarini. "Na wawili wa ardhini. Sikuwahi kuwa na kiti changu hata kimoja. Mgeni akija, nasimama. Mtoto akija, nasimama." Akapapasa pembe ya kiti chini yake. "Hiki kinatosha, ng'wanawane, mwanangu."

"Mboje amekasirika, mama."

"Mboje ana haki yake ya kukasirika. Na wewe una haki yako ya kukaa. Zote mbili zipo."

Gari halikuwashwa, maana hata lingewashwa lisingekwenda popote. Walikaa humo mpaka Salu alipokuja kusema ugali umeiva.

Kurudi Bariadi kulikuwa kwa kusukumwa, kuvutwa, na hatimaye kubebwa tena kwenye lori. Klachi ilikuwa imeungua. Mahona aliitazama, akasema kesho, na kesho yake ikawa mwezi wa saba. Kabula hakumgombeza. Aliendelea kukoboa mpunga. Simu zilirudi, maana ndugu hawakasiriki milele, na shida hazina likizo. Tofauti ilikuwa moja: sasa wakati mwingine alijibu, "Leo siwezi, nimechoka." Mara ya kwanza aliposema hivyo, aliyepiga aliuliza kama anaumwa. Alipojibu haumwi, yule mtu akaaga. Baada ya hapo Kabula alikaa kwenye gunia kama mtu aliyeiba.

Mwaka huu, baada ya mavuno, alikuja mwanamume kutoka Arusha. Alikuwa ameona picha ya gari kwenye simu ya mtu. Alijua mambo yake. Alilala chini ya gari pale mbele ya mashine, akachungulia, akasoma namba za injini, akaamka na vumbi mgongoni na uso uliong'aa. Akataja bei. Mboje siku hiyo alikuwa Bariadi, amekuja kununua dawa za ng'ombe, ameketi na kikombe cha uji mlangoni pa mashine. Aliposikia ile bei, kikombe kilisimama njiani.

Yule mgeni akasema hana haraka, atakula chakula cha mchana kisha atarudi kwa jibu.

"Dada," Mboje alisema alipoondoka. "Hiyo ni ng'ombe wale wote na wengine juu. Bujiku anaoa. Bati la mama linabadilishwa. Unabaki na mengine unakula mwenyewe."

"Najua."

"Tena halitembei! Limetembea mara ngapi? Kila siku liko kwa Mahona."

"Najua, Mboje."

Umeme wa mashine ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na wateja walikuwa wamelala juu ya magunia yao wakisubiri. Kabula alitazama barabarani. Alijaribu kufikiria fedha ile ikiingia, na aliiona inavyotoka: hapa, pale, kwa huyu, kwa yule, yeye akiwa amesimama katikati anagawa. Aliona hata sura za watakaokuja wakiwa wamechelewa kusikia. Uchovu wa jambo hilo ulimjia mzima mzima, kabla jambo lenyewe halijatokea.

"Siuzi," alisema.

"Kwa nini?"

"Sina nguvu ya kuuza."

Mboje alimtazama dada yake kwa muda, kama anavyotazama wingu asilojua litanyesha au litapita. Akamaliza uji wake, akasuuza kikombe mwenyewe, akakifudikiza. Kisha akasema ana basi la kuwahi, na kwamba ile dawa ya ng'ombe imepanda bei, amebaki bila nauli.

Kabula akacheka, akafungua pochi, akampa. Umeme ukarudi wakati huohuo, wateja wakaamka wakijinyoosha, wa kwanza akainua gunia lake begani. Kabula akafunga kitambaa kichwani, akaenda kuwasha mashine.